Pigo Nililomwibia Mzee

Mimi ni katekista. Kazi yangu ni kufundisha watoto na wakatekumeni, kutazama wagonjwa, na kuongoza sala katika vijiji ambavyo padri hawezi kuvifikia kila Dominika. Tena, kwa kuwa nilisoma miaka kadhaa seminarini na huko nikajifunza nota, nimetwishwa na mzigo wa kuandalia korali karatasi zake za nyimbo. Leo nataka kuwaeleza habari za mzigo huo, na kosa nililolifanya ndani yake. Machoni pa watu si kosa kubwa. Ni pigo moja tu la wimbo. Lakini nililificha kwa siku kumi na mbili, na lilipofunuliwa niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu.

Katika parokia yetu yuko mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa korali kwa miaka mingi. Ndiye aliyenifundisha do-re-mi nilipokuwa mtoto, akionyesha ubaoni kwa fimbo yake nyembamba. Alitunga nyimbo nyingi: za Noeli, za Kwaresima, za Paska, za maziko. Zote aliziandika kwa mkono katika madaftari matatu, na nakala nyingine hakuna. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hawakutuambia itakuwaje daftari lenyewe likiliwa na mchwa.

Basi, siku moja mke wa mzee alifungua sanduku akakuta mchwa wameingia. Daftari la kwanza lilikuwa limeliwa pembeni, la pili lilikuwa na matundu katikati, na la tatu lilikuwa limepakwa udongo. Mzee akaniita. Macho yake siku hizi yana ukungu, hata uso wa mtu aliye karibu humtambua kwa sauti. Akaniwekea madaftari magotini, akasema: « Mwanangu, mimi nazikumbuka zote. Lakini nikiondoka mimi, atazikumbuka nani? Ziandike, uzipige chapa. Anza na ule wa maziko, tuuimbe siku ya Marehemu Wote. »

Nikamjibu: « Ndiyo, mwalimu. » Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Parokiani tuna ordinateri ya zamani, yaani kompyuta, iliyoachwa na padri mmoja aliyehamishwa. Huwashwa kwa umeme wa jua, na wingu likitanda kazi inalala. Ndani yake niliweka programu iitwayo LilyPond. Programu hiyo ilianzishwa mwaka 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen. Hutolewa bure: mtu yeyote aweza kuichukua, kuitumia na kuwagawia wenzake, wala haibi cha mtu.

Kuitumia ni hivi. Huvuti nota kwa mkono na kuzipanga juu ya mistari mitano. Unaandika maandishi tu, kama mtu anayeandika barua. Unaandika jina la nota, na nyuma yake tarakimu ya kuonyesha urefu wake: 4 ni robo, nayo katika nyimbo zetu nyingi ni pigo moja, 2 ni mapigo mawili, 8 ni nusu ya pigo. Kwa kawaida majina ya nota ni herufi, c na d na e. Lakini ukiiambia programu kwamba unatumia majina ya Kitaliano, itakubali do, re, mi, fa, kama tulivyofundishwa sisi. Chini yake unaandika maneno ya wimbo. Ukimaliza, programu inaisoma barua yako tangu mwanzo hata mwisho, kisha yenyewe inachora mistari, nota, mikia na maneno, na kukupa ukurasa ulio tayari kupigwa chapa.

Namna hiyo ina faida kwetu watu wa mbali. Wimbo mzima wa sauti nne ni faili ndogo kuliko picha moja ya simu, hata mahali penye mtandao dhaifu hupita. Tena, kwa kuwa ni maandishi matupu, ordinateri ikiharibika naweza kuyanakili kwa kalamu, na mwingine akayaandika tena katika ordinateri yake bila kupoteza nota hata moja.

Waliotunga programu hii hawakuridhika na nota zilizochorwa ovyo. Walichunguza vitabu vya zamani, vilivyochongwa kwa mkono. Zamani hizo mchongaji alishika bamba la madini laini, akagonga kwa nyundo vyuma vyenye umbo la nota, na kila kitu alikichonga kinyume, kushoto kuwa kulia, kama katika kioo. Watu wale walikuwa na siri zao. Kwa mfano, nota yenye mkia wa juu ikifuatwa na yenye mkia wa chini, mikia hiyo miwili hukaribiana, na jicho hudhani kwamba nota zimebanana. Basi mchongaji aliziachanisha kidogo zaidi. Ikiwa ni kinyume chake, alizikaribisha. Ukipima kwa rula nafasi si sawa, lakini jicho linaziona ni sawa. Siri kama hizo ndizo waliojaribu kuifundisha programu.

Hata hivyo programu haiwezi kujua moyo wa mtunzi. Nami nilijifunza hayo hatua kwa hatua.

Taabu ya kwanza ilikuwa maneno. Programu hugawa silabi kwa nota kwa zamu, kama mtu anayewagawia watu viti: silabi ya kwanza nota ya kwanza, ya pili nota ya pili. Ikiwa silabi moja inaimbwa kwa nota mbili, ni lazima kuzifunga nota hizo kwa upinde, yaani kuziwekea mabano. Ndipo programu inajua kwamba viti vile viwili ni vya mtu mmoja. Mimi nilisahau upinde mmoja katika mstari wa pili. Basi tangu hapo kila silabi ilikaa kitini pa jirani yake, na nota ya mwisho ya ubeti ikabaki bila silabi. Karatasi ile niliipeleka mazoezini bila kuitazama vizuri. Sauti ya kwanza waliimba walivyozoea, sauti ya pili waliimba walivyosoma, na kila mtu akamtazama jirani yake kama mkosaji.

Kugawa silabi pia ni kazi yetu, si ya programu. Unaandika vistari viwili kati ya silabi na silabi. Waandishi wengi waliozoea Kifaransa huandika « Mun-gu » na « mbin-gu ». Lugha yetu haigawanyiki hivyo. Silabi zetu huishia kwa vokali: « Mu-ngu », « mbi-ngu ». Mwimbaji akisoma « Mun » kwa nota ndefu, atafunga mdomo mapema na wimbo utalia puani. Lakini katika « mtoto » ile « m » ni silabi kamili, nayo yataka nota yake. Na pale ambapo vokali mbili huimbwa pamoja kwa nota moja, kama « na uzima », unaandika alama ndogo ya wimbi, « na~u », na programu inachora upinde mdogo chini ya herufi, ili mwimbaji asitafute nota isiyokuwapo.

Taabu ya pili ilikuwa mikia. Ili kupunguza karatasi niliweka sauti ya kwanza na ya pili juu ya mistari mitano ile ile, na ya tatu na ya nne juu ya mingine. Mwanzoni niliziandika bila kuiambia programu nani ni nani. Nota zikagongana, mikia ikaelekea kila upande, na mtu asingeweza kujua ni sauti gani inapanda na ni ipi inashuka. Dawa yake ni ndogo: kuitaja moja kuwa sauti ya kwanza na nyingine kuwa ya pili. Mara moja mikia ya kwanza ikatazama juu, ya pili ikatazama chini, na nota zilizokuwa zimekanyagana zikasogea pembeni zenyewe. Nikawaza, hata nyumbani kwetu ugomvi mwingi ungekwisha kama kila mtu angejua nafasi yake ni ipi.

Taabu ya tatu ilikuwa macho ya mzee. Nilimpelekea karatasi ya kwanza. Akaisogeza dirishani, akaigeuza huku na huku, akasema: « Naona siafu wanatembea. » Kwa kawaida mistari mitano ina kimo cha pointi 20, karibu milimita 7. Nikaongeza hata 26, karibu milimita 9. Mzee akaanza kuona, lakini wimbo uliokuwa wa kurasa mbili ukawa wa kurasa nne. Korali ina watu arobaini, na kila fotokopi ina bei yake. Hapo nikaona uzuri wa kazi ya maandishi: nota hazikubadilika, bali tarakimu moja tu mwanzoni mwa barua. Nikapiga nakala moja kubwa kwa ajili ya mzee, na ndogo kwa ajili ya wengine, zote kutoka kwa barua ile ile.

Basi sasa nafikia kosa langu.

Katika programu hii, mwisho wa kila kipimo, yaani kila sehemu iliyo kati ya vijistari viwili vya kusimama, unaweza kuweka alama ya kukagua. Kama mapigo hayakutimia au yamezidi, programu inakuonya na kukutajia mstari wa kosa. Siku ya kwanza nilipata maonyo zaidi ya thelathini, nikaogopa. Kumbe kosa lilikuwa moja tu. Nota isiyoandikiwa urefu hurithi urefu wa ile iliyotangulia. Nami nilikuwa nimeandika nota moja ya 8, nikasahau kurudisha 4. Zote zilizofuata zikawa fupi, na vipimo vyote vikasukumana hata mwisho. Nilirekebisha ile ya kwanza, na maonyo yote yakatoweka. Nikajifunza kutotapatapa katika makosa mengi, bali kutafuta lile la kwanza, kama tunavyowafundisha watoto wanapojichunguza dhamiri.

Lakini onyo moja lilibaki: kipimo cha 14. Wimbo wote ni wa mapigo manne, na kipimo hicho kilikuwa na matano. Nikafungua daftari. Pale palikuwa na alama ya udongo wa mchwa, lakini nota zilionekana: tatu za pigo moja, kisha moja ya mapigo mawili. Nikasema moyoni: « Mkono wa mzee uliteleza. »

Tena lilikuwapo jambo jingine. Nilikuwa nimeiamuru programu kukata mistari mahali ninapotaka, kwa neno « \break », ili kila mstari wa karatasi uwe mstari mmoja wa shairi. Kwa sababu ya pigo lile la tano, mstari wake ulibanana. Nilipoulegeza, mstari mwingine ukaongezeka, nao haukutoshea ukurasa wa pili. Ukaenda kukaa peke yake juu ya ukurasa wa tatu. Karatasi arobaini zaidi kwa ajili ya pigo moja! Nikaifanya nota ile ya mapigo mawili kuwa ya pigo moja. Onyo likatoweka. Vipimo vikawa vinne vinne katika kila mstari, vimenyooka kama mahindi shambani. Kurasa zikawa mbili. Nikafurahi. Sikumwuliza mzee, ingawa nyumba yake iko mwendo wa dakika kumi tu kutoka kwangu. Na ndani yangu nilijua kwa nini sikumwuliza: niliogopa atasema hapana.

Siku kumi na mbili baadaye korali ilifanya mazoezi ya wimbo huo. Mzee aliletwa na mkewe, wakaketi karibu na mlango. Tulipofika kipimo cha 14, mzee aliinua mkono. « Tena », akasema. Tukaimba tena. Akainua mkono tena. Mara ya tatu akauliza polepole: « Ni nani aliyeniondolea pumzi yangu? »

Watu wakanitazama. Nikasema: « Mwalimu, palikuwa na mapigo matano. Nilidhani ni kosa la kalamu. »

Mzee akanyamaza, kisha akasema: « Mwanangu, wimbo huu niliutunga tulipomzika mtoto wetu wa kwanza. Niliuimba kaburini kwa mara ya kwanza, na mama yake akaimba pamoja nami. Alipofika neno lile, sauti ilimkatika. Nami nikashikilia nota yangu, nikamngoja. Halafu akaweza, tukaendelea. Niliporudi nyumbani kuandika, niliandika kama tulivyoimba. Pigo la tano ndilo nililomngoja mama. »

Mke wa mzee alikuwa anatazama mikono yake. Hakusema neno.

Wasomaji wapenzi, sikuwa na la kujibu. Niliomba msamaha mbele ya wote, kwake yeye na kwa Mama. Mzee akacheka kidogo, akasema: « Mashini yako imesoma vizuri. Ilikuambia hapa pana kitu. Wewe ndiwe uliyeinyamazisha. »

Maneno hayo nimeyatafakari mara nyingi. Programu haikusema kwamba mzee amekosea. Ilisema tu kwamba kipimo hiki hakifanani na vingine. Kuamua kama ni kosa au ni siri ilikuwa kazi ya mtu, na mtu wa kuulizwa alikuwa hai, tena karibu. Kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa kutouliza.

Usiku ule, betri ikiwa bado na nguvu, niliketi kurekebisha. Nilirudisha nota ya mapigo mawili. Mbele ya kipimo cha 14 niliandika « \time 5/4 », na baada yake « \time 4/4 », ili waimbaji wote waone kwa macho kwamba hapa tunangoja, na kwamba baada ya hapa tunarudi katika mwendo wetu. Onyo halikutokea tena, na safari hii kwa haki.

Ikabaki shida ya karatasi. Kwanza niliondoa zile amri zangu za kukata mistari, kwa sababu mistari ya shairi haikuwa na urefu sawa, na kwa kuilazimisha nilikuwa nimebana hapa na kuacha mapengo kule kama meno ya kizee. Programu hii haitazami mstari mmoja mmoja. Inalinganisha njia nyingi za kukata wimbo mzima, na kuchagua ile ambayo nafasi zake zinapatana. Nikairudishia kazi yake. Ilinikosea mahali pamoja tu, ilipokata katikati ya neno. Hapo nikaweka katazo moja, nayo ikatii. Kisha beti za tatu hata za sita niliziondoa chini ya nota, nikaziandika kama shairi mwisho wa wimbo, kwa kuwa tuni ni ile ile na waimbaji wakisha kuishika hawahitaji nota tena. Mwisho niliandika « page-count = 2 », yaani nataka kurasa mbili, wala zisizidi. Programu ikapanga upya kila kitu. Kurasa mbili zikaelekeana, hakuna wa kugeuza karatasi katikati ya wimbo, na pigo la mzee limo ndani.

Ona basi: nafasi ilikuwapo tangu mwanzo. Ilikuwa imeliwa na amri zangu mwenyewe na beti nilizozirundika. Nami, badala ya kupunguza vya kwangu, nilipunguza cha mzee.

Tarehe 2 Novemba kanisa lilijaa. Baada ya komunyo tuliimba wimbo ule. Tulipofika kipimo cha 14 sauti zote nne zilishikilia, na kanisa zima likangoja pamoja nasi. Mama alikuwa katika benchi la pili, upande wa wanawake. Nilimtazama. Safari hii sauti yake haikukatika. Aliimba mpaka mwisho.

Hata sasa nimemaliza daftari la kwanza, na la pili nimefika katikati. Kila mahali penye tundu la mchwa, au penye jambo nisilolielewa, naweka alama katika barua yangu, na jioni nakwenda kwa mzee. Yeye huimba, mimi huandika. Mara nyingine husema: « Hapo kweli nilikosea, rekebisha. » Mara nyingine husema: « Hapo acha », na kunieleza sababu. Sababu hizo nazo naziandika, pembeni mwa nota. Programu inaruhusu: mstari ukianza kwa alama ya asilimia, yenyewe haiusomi wala kuuchapa. Ni maneno ya mtu kwa mtu. Katika wimbo wa maziko, mbele ya kipimo cha 14, nimeandika hivi: % Usiondoe. Hapa tunamngoja mama.

Enyi ndugu mnaonakili nyimbo za wazee, kwa kalamu au kwa mashini, nawasihi: kabla ya kusawazisha kitu kisicholingana, nendeni kwanza mkaulize. Yawezekana mwenyewe bado yupo mlangoni, anasikiliza.